Kidole Gumba

Kidole gumba kina nguvu zake, Bwana.
Wewe uliyekiumba wajua. Mimi nilijifunza
ghalani Bumasifwa, kwenye mizani ya kuning'inia:
gunia likishapanda ndoanoni unalishika chini,
kama mtu anayelituliza lisiyumbe,
kidole kinasukuma juu, kidogo tu,
na kilo moja na nusu ya jasho la mtu
inayeyuka kabla mshale haujaisema.

Miaka sita. Sikuiba kwa mkono mzima.
Ndivyo nilivyojitetea usiku:
kidole tu, Bwana, kidole kimoja.
Na Jumapili nikakitumia kufunua kitabu cha nyimbo
pale mbele, safu ya walokole,
sauti yangu nzito kuliko magunia yao.

Ulianza taratibu. Nakumbuka.
Kwanza uliniondolea ladha: malewa ya karanga
aliyoyapika Nabulwala yakawa kama kamba iliyochemshwa.
Kisha Wobugoya, kalamu mdomoni, akaniuliza mezani,
"Baba, kilo moja ina gramu ngapi?"
Nikamzaba kofi.
Mtoto alikuwa na hesabu ya shule, basi.
Hiyo yote ilikuwa minong'ono,
nami nilikuwa nimezoea kelele.

Mashine ya kumenyea kahawa ndiyo iliyonipata,
Novemba, mvua ikitwanga mabati.
Sitasema Wewe uliituma. Mchungaji Khaukha alisema hivyo
kando ya kitanda changu, hospitali ya Mbale,
nikamwomba aende zake.
Kitanda cha pili alilala msichana wa miaka minne
aliyeungua kwa uji.
Yeye alikuwa ameiba kilo ngapi?

Basi sitasema. Nasema tu kwamba
bandeji ilipofunguliwa, pale palipokuwa na kidole
palikuwa na swali,
na kwa mara ya kwanza sikuwa na kitu
cha kulisukumia juu.

Nilikukasirikia hadi karibu na Pasaka.
Nikamkuta mama shambani na panga,
anakata mibuni mizee, chini, usawa wa goti,
kwa mshazari ili maji yasituame.
Mti mmoja baada ya mwingine, majani bado mabichi.
"Unaiua," nikamwambia.
Hakugeuka.
"Ule niliokwisha kuukatia tamaa," akasema,
"huo siupotezei panga."

Nilikaa pale pale kwenye matope,
na suruali ya kanisani.

Toba, nilidhani, ni machozi. Kumbe ni daftari.
Namono, kilo arobaini na mbili.
Wesonga, thelathini, pengine zaidi; nikaandika zaidi.
Wopuwa amekufa. Nilimpelekea mjane wake,
akazihesabu noti mara mbili, kiti hakunipa.
Kutosi alicheka, akasema alijua tangu msimu wa kwanza,
akachukua na mbuzi wangu. Haki yake.
Nabulwala hakusema neno nilipouza pikipiki,
ila usiku ule alipika malewa,
na yalikuwa na chumvi.
Bado kurasa nne.

Jana nilipeleka kahawa yangu mwenyewe.
Apimaye sasa ni binti wa Namono.
Mbele ya foleni nzima akaniambia
nirudi nyuma hatua tatu, mikono mgongoni.
Watu wakanyamaza.
Nilirudi hatua nne.

Mshale ukayumba, ukatafuta.
Nami, Bwana, nikasikia pale pasipo kidole
pakiwasha,
kama gamba la mbuni uliokatwa
jicho linapotaka kutokea
kando ya kidonda.