Thelathini na Saba

Imechomekwa. Haichaji.
Maneno mawili tu pembeni mwa skrini,
na kando yake asilimia thelathini na saba,
imekaa tangu saa mbili usiku
kama mgeni aliyekwisha kuvua viatu.

Nje ni Gyumri, Januari,
baridi inayagonga mawe meusi ya nyumba hadi yalie.
Ndani ni mimi na maagizo ya jiko la mikate,
kurasa arobaini na moja,
nayatoa kwenye Kijerumani nayatia kwenye Kiarmenia,
na mwenye kiwanda anayataka kukipambazuka.
Nimefika ukurasa wa ishirini na sita:
Hakikisha mlango umefungwa kabla ya kuwasha.

Nilianza na la kijinga, soketi.
Nikang'oa plagi jikoni, nikaipeleka chumbani,
nikaihamishia sebuleni, nikainama nyuma ya kabati,
nikaokota kifungo cha koti nililokwisha kuligawa.
Kila mahali taa ya chaja iliwaka kijani,
macho makavu, kama shahidi wa uongo.

Nikazima, nikawasha.
Nikachomoa betri, nikabana kitufe sekunde thelathini
nikihesabu kwa sauti,
maana niliwahi kuambiwa
umeme uliojificha hutoka kwa kubanwa.
Nikachukua kijiti cha meno, nikachokonoa kitundu,
kikatoka kipande cha uzi mwekundu, wa sweta langu hili hili.
Nikasema, kumbe mchawi ni wewe!
Nikachomeka.
Thelathini na sita.

Shemeji Gevorg akasema kwenye simu,
"Betri imekufa, Varsenik. Kubali. Nunua nyingine."
Ndivyo alivyosema kuhusu jokofu,
ndivyo alivyosema kuhusu goti langu.
Jokofu bado linanguruma.

Saa tano nikashuka ngazi,
kompyuta imefungwa ndani ya shali,
hadi kwa Tsolak, fundi wa chini,
aliyefungua mlango akiwa bado anatafuna.
Hakuigusa mashine. Alitaka chaja.
Akaipima: volti kumi na tisa na nusu.
"Umeme upo."
"Basi mbona hauingii?"
Akasogeza taa, akanionyesha katikati ya mdomo wa chaja
sindano nyembamba kuliko sharubu ya paka,
imepinda.
"Hii haibebi umeme," akasema. "Inabeba jina.
Mashine huuliza, wewe nani, una nguvu kiasi gani?
Hii ndiyo hujibu.
Isipojibu, mashine inaramba kiasi cha kutozimika,
lakini betri haimfungulii mtu isiyemjua."

Nikasimama pale na kandambili zangu za sufi.
Usiku kucha, basi, kulikuwa na mtu mlangoni,
mikono imejaa vyakula,
sauti imemkauka,
ameshindwa kupiga hodi.
Nami nilikuwa ndani namsaka mwizi.

Tsolak akainyoosha kwa koleo, taratibu,
pumzi ameishika.
Ikakatika.
Alitamka neno ambalo siliandiki.
Kisha akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda,
chaja za mashine zilizokufa, zimesokotana kama minyoo,
akajaribu moja, ya pili, ya nne,
moja ikatoa harufu, tukaichomoa mbio.
Ya mwisho ilikuwa na plasta ya bluu shingoni.
Akachomeka. Tukangoja.
Kahawa ikachemka, ikafurika, hakuna aliyeinuka.

Thelathini na sita.
Thelathini na sita.
Thelathini na saba.

Pesa alizikataa. Aliuliza tu,
"Hilo jiko lako linaoka lavashi?"
"Halioki."
"Sasa la nini?"

Nimerudi juu.
Waya huu hautaki kulala upande wa kulia,
nimeulalia kamusi ya Kijerumani juu yake, ile nzito,
ambayo leo, kwa mara ya kwanza mwaka huu,
imefanya kazi.
Vidole bado vina ganzi.
Ukurasa wa ishirini na sita.
Hakikisha mlango