Mstari wa Tatu

Kadi yangu ya chanjo naiweka
ndani ya kopo la biskuti, pamoja na risiti za sanda
na kipande cha kafuri kilichokwisha harufu.
Ina mistari mitatu. Miwili imeandikwa.
Wa tatu u wazi kama dirisha la nyumba
ambayo wenyewe wamehamia Mombasa.

Kipupwe kimeingia Langoni.
Nakijua kwa magoti, kisha kwa maji ya birika,
kisha kwa watoto wa chuoni wanaokohoa
katikati ya aya, mwalimu akingoja wamalize.
Redioni wasema kirusi kimebadili jina tena.
Sisi la kwanza hatujalisahau.

Mimi ni mwosha. Mama yangu alikuwa mwosha.
Nimeosha wanawake mia mbili na kitu;
hesabu niliiacha mwaka aliozaliwa Swabra.
Kuna mabega niliyoyajua kabla ya majina.

Kipupwe kile cha kwanza
walikuja watu wa afya, weupe kuanzia viatu,
wakaniambia, Bi Khuleita, kaa mbali.
Mwana Rukiya, tuliyechangia ukuta,
aliyekufa akinidai kibaba cha mchele,
alikuwa ndani ya mfuko wenye zipu.
Nikamtayamamisha juu ya plastiki.
Vumbi halikushika. Liliteleza.
Mpaka leo, nikinawa, lateleza.

Asubuhi hii kaka yangu Famau
alimpeleka punda wake kliniki ya punda
akapewe dawa ya minyoo
na adungwe ya pepopunda.
Hakuuliza imetoka kiwanda gani.
Hakuuliza nani kafadhili na ana nia gani.
Nilipomwambia, twende nawe ukaongezewe yako,
akapangusa jasho ambalo halikuwepo:
"Ya kwanza, ya pili, na sasa ya tatu?
Mwisho tutavuja kama chekeche."
Nikasema, huyu wako hudungwa kila mwaka
na maji anywayo hukaa tumboni.
Punda akatikisa sikio moja.
Famau hakucheka.

Sindano, wazee wetu wa Amu waliiita shindano.
Sijui nani alianza, ila hakukosea.

Zahanati tulikuwa watu tisa.
Mwaka ule foleni ilipinda kona mbili
na watu walipigania kivuli.
Leo viti vimebaki, na paka kalala kimoja.
Muuguzi Mghoi, Mtaita mwenye sauti ya kupoza uji,
akauliza maradhi ya zamani.
Presha, nikasema, ya kurithi. Sukari, ya halwa.
Mkono gani, mama?
Wa kushoto.
Wa kulia ndio unaoanza kazi.

Nikapandisha buibui. Ubaridi wa spiriti,
kisha kichomo kidogo, kama mwiba wa mkwaju,
na mstari wa tatu ukajaa:
tarehe, namba, sahihi iliyopinda kama uzi uliokatika.

Usiku bega likawaka.
Swabra ananikanda kwa kitambaa cha maji,
ananiuliza, bibi, kama dawa yenyewe yaleta homa,
faida yake nini?
Sina jibu la vitabuni.
Kifo nakijua, ni mgeni wa kazini,
huja bila hodi na mimi huinuka.
Naogopa zipu.
Nataka siku yangu ikifika
niguswe. Maji yapite kichwani,
yapite upande wa kulia, kisha wa kushoto,
na mwanamke mwenye mikono ya moto
alalamike kwamba nilikuwa mzito.

Kazi yangu ndiyo kazi pekee mjini
ambayo mwenyewe aiombea ikose wateja.

Alfajiri, kwato kwenye ujia. Famau.
Alisimama nje, kamba mkononi,
akaniuliza kama inauma.
Nikamwambia inauma.
Akanyamaza kidogo. Akauliza, sana?
Nikasema, njoo unishikie ndoo hii,
mkono hauinuki.
Akaishika. Akaijaza mpaka juu, kama kawaida yake,
ikamwagikia miguu yetu sote.