Alama Mbili za Swali la Nne

Kilembe, muhula wa pili, saa nne usiku.
Umeme umekatika. Nasahihisha kwa tochi ya simu
karatasi hamsini na tatu za jiografia.

Swali la nne: *Eleza hali ya theluji
katika vilele vya Rwenzori. (Alama 2)*
Mwongozo ulioletwa kutoka wilayani
unataka maneno machache: ipo, nyingi, mwaka mzima.
Hamsini na wawili wameandika ipo, nyingi, mwaka mzima.
Wamekariri vizuri.
Aliyewakaririsha ni mimi.

Ya mwisho ni ya Ithungu Doreka, anayekaa karibu na mlango:

*Mwalimu, mimi sijaiona.
Bibi anasema aliiona akipalilia mihogo,
akaiita Nzururu, wala hakuinyooshea kidole.
Sasa ananionyesha jiwe jeusi.
Nadhani theluji imeteremka. Ilipita hapa shuleni usiku,
ikachukua choo, dawati langu
na mbuzi watatu wa akina Thembo.*

Kalamu nyekundu imesimama hewani kama mgeni
asiyejua akae wapi.

Nami nina haki ya kubishana naye kidogo:
usiku ule ilikuwa mvua, Ithungu, si theluji;
mvua ya siku nzima, na Nyamwamba
ukayabeba mawe makubwa kuliko jiko la mama yako,
na uchafu wa shaba uliosahauliwa na mgodi.
Hilo nitakueleza kesho.
Lakini wewe umetazama juu.
Sisi wengine tulitazama kitabu.

Wahenga walituonya kuhusu ufa na ukuta.
Ufa wa darasa la sita tuliuziba mara tatu.
Ukuta ukaondoka na saruji yetu.

Nawakumbuka wasomi waliofika na buti mpya,
wakapima mto, wakala chapati zetu,
wakatuuliza tunajisikiaje,
wakaondoka na namba zetu ndani ya sanduku lenye kufuli.
Mmoja tu alirudi, Dakta Adiru, mwanamke wa kule Arua,
akiwa amepanda bodaboda, matope hadi magotini.
Aliletea shule nakala ya daftari la mvua la baba yangu,
aliyekuwa karani wa mgodi,
aliyetoka kila asubuhi kusoma kipimo
hata Jumapili, hata siku tuliyomzika kaka.
Miaka kumi na tisa ya mwandiko ule mwembamba,
na jina lake juu ya ukurasa wa kwanza,
halijakosewa hata herufi.
Sikujua niseme nini. Nilimpa ndizi.

Basi nampa Ithungu alama mbili.
Kisha naona aibu:
na hawa hamsini na wawili?
Walinijibu kama nilivyowafundisha.
Wino mwekundu wa kunisahihisha mimi
unauzwa duka gani?

Asubuhi sikuandika kitu ubaoni.
Tulitoka nje na wembe mmoja na chupa tupu za maji,
zile zenye mlima kwenye karatasi yake,
mlima ambao bado ni mweupe kabisa.
Tulikata shingo za chupa, tukazigeuza zikawa faneli,
tukachora mistari kwa rula.
Muhindo alijikata kidole. Mkuu wa shule alichungulia dirishani
akauliza kama hii imo katika silabasi.
Nikamwambia itakuwemo, barua naandika leo.
Hakucheka. Hakukubali pia.

Mvua ilianza saa saba, tukarudi ndani mbio.
Ilipokatika, Ithungu akachuchumaa, jicho sawa na maji,
asipumue.
“Milimita kumi na moja.”

Akafungua daftari la babu asiyemjua,
pale mwandiko mwembamba ulipokoma.
“Niandike kwa penseli, Mwalimu, au kwa wino?”

Kwa wino, nikasema.
Na ukimaliza, mpe Muhindo kalamu.