Santuri Yenye Ufa

Mtaliana alipofunga hoteli
aliiacha kwa Fundi Bwanakheri, hapa Malindi,
badala ya deni la feni mbili.
Santuri nyeusi, karatasi yake imeliwa na mende,
jina la mwimbaji limebaki herufi tatu.

Sindano ikashuka. Mzee wa watu akakwaruza gitaa,
akasema neno, akalirudia
kama anayehakikisha mlango umefungwa,
kisha la tatu likaufungua.

Bi Faida, aliyeleta pasi itiwe waya mpya,
akaweka kikapu chini.
"Huyu kamsikia wapi nyanya yangu?"

Kiingereza hakijui. Misisipi hajui ni mto au ni mtu.
Ila anajua mguno wa mtwangaji
shambani kwa bwana, mtama si wake,
mchi ukipanda, pumzi ikishuka,
na ile sauti inayopinda katikati,
si kilio, si wimbo,
deni linalolipwa na asiyekopa.

Ufa ukafika. Sindano ikaruka, ikarudi,
ikaruka, ikarudi.
Bwanakheri akanyoosha mkono aizime.

"Wacha," akasema Bi Faida.
"Hapo ndipo penyewe."