Trei ya Mawe

Nyamwamba ulipofurika usiku ule hapa Kilembe
haukuiba jiwe hata moja. Uliiba majina.
Trei ya mayai ya baba nimeikuta chini ya kitanda
imelowa kama mkate uliosahauliwa ndani ya chai,
vikaratasi vyake uji mtupu,
na wino wa Masereka, karani wa maabara ya mgodi,
umekwisha kuteremka zamani kwenda Ziwa George.

Basi nimekaa kibarazani na kikombe kilichovunjika.
Kitako chake ni kikavu, hakikupakwa rangi:
nakwaruza, nione kila jiwe linaandika nini.

Hili la kijani silihoji.
Kijani cha bomba la shaba lililozeeka,
baba alikuwa akirudi nacho kwenye pindo za suruali.
La buluu limeling'ang'ania ubavuni.

Hili nalibandua kwa ukucha, ngozi baada ya ngozi:
ulanga.
Jeupe lile limekwaruza chupa ya soda
lenyewe lisipate hata alama.
Na haya mekundu, yaliyozama kwenye jiwe la kijivu
kama maharage kwenye katogo,
ni ganeti. Yamejaa nyufa. Sonara hatayataka.

Mbusa wa jirani akaja mbio kutoka mtoni,
viganja viwili vimefumba kitu cha njano.
"Mama anasema nikuulize kabla hajaenda kwa mwalimu mkuu."
Nikalipitisha kwenye kikombe.
Dhahabu ingeandika njano;
hili liliandika weusi wenye ukijani.
Nikaligonga. Dhahabu ingebonyea;
hili likamwagika.

Methali nikaimeza, ameshaichoka darasani.
Nikamwambia: hili lina shaba,
ndilo lililoleta reli Kasese.
Akatazama vipande, akatazama bonde.
"Sasa reli iko wapi?"

Sina kikombe cha kukwaruzia hilo.

Limebaki jeusi, laini kama jicho la mbuzi,
zuri kuliko yote. Nimelipima mkononi, nimelilamba,
nikaligeuzia jua: viputo ndani.
Kumbe si jiwe. Ni taka za tanuru la Jinja.
Alilibeba mfukoni njia nzima, mzee yule,
akalipa kishimo sawa na wenzake.

Mawili sijayatambua.
Yana karatasi zao, tupu.
Mengine nayaandika upya, kwa penseli safari hii.
Wino hujua kuogelea.