Yai la Kuazima

Mwalimu Nandonde alisema: leteni yai,
na chochote cha nyumbani kisichonunuliwa.
Yai litashuka kutoka juu ya tangi la shule,
lile tangi letu la Newala
ambalo tangu tuzaliwe halijashika maji
zaidi ya yale ya mvua.
Likifika chini zima, umefaulu.
Likipasuka, utatueleza kwa nini.

Yai sikuwa nalo. Nililiazima
chini ya kuku wa bibi, aliyeatamia tisa,
nikaliandika S kwa mkaa, S ya Somoe,
nikamwambia kuku: kesho jioni.
Akanidonoa kidole. Nikaona ni haki yake.

Usingizi ukanikataa.
Sufi ya mto? Mto ni wa baba, na baba ana shingo mbaya.
Pumba za mpunga? Kwetu wali ni wa Idi.
Nikatoka uani. Mwezi wa kumi,
na huko kwenye mikorosho: puu.

Alfajiri nikaliokota.
Bibo limepasuka tumbo, sisimizi wameshapata habari,
na korosho yake imeshikilia pale pale
haina hata mchubuko.

Chilumba alikuja na kopo la mchanga.
Yai lilizikwa humo kama muhogo.
Kopo lilipotua, mchanga uligeuka jiwe.
Kwa nini? Akafikiri. "Mchanga ulikataa kusogea."
Mwalimu akaliandika hilo ubaoni,
akalizungushia duara.

Zubeda alilivisha khanga mbili za mama yake,
likawa kubwa kama kichwa cha mtoto.
Lilidunda mara moja. Mara ya pili khanga zikalowa.

Mapacha wa Mkunya walifunga mfuko wa salfa
ufunguke kama mwavuli.
Ulifunguka. Upepo wa huku juu
ukaupitisha paa la mwalimu mkuu,
na yai lile hadi leo
hatujui tuliandike wapi.

Kisha kitunga changu:
mabibo sita mabivu chini,
manne ubavuni, yai katikati.
"Somoe anatengeneza uraka!"
Walicheka hadi mwalimu akashika ngazi vizuri.

Akaachia.

Kilitua kwa sauti ya kofi kwenye shavu lililolowa.
Mabibo hayakubaki hata moja.
Maji yake yalimrukia mwalimu suruali,
doa ambalo alilivaa
mpaka tukamaliza la saba.

Na yai: zima. Linanata. Linanukia.

"Kwa nini?"

Jibu nililokuwa nalo usiku lilinitoroka.
Nikasema, "Kuna kitu kilikubali kupasuka kwanza."

Darasa likanyamaza, ila Chilumba:
"Lakini korosho ina ganda gumu. Yai halina.
Bibo halikuiokoa korosho. Wewe umebahatisha."
Mwalimu akaandika maneno yangu,
akaandika na ya Chilumba,
akazungusha duara moja kubwa
likatuingiza sote wawili.

Jioni nililirudisha.
Maji ya mabibo yalikuwa yamefuta S.
Kuku alilivuta kwa mdomo chini ya manyoya,
hakuuliza lilikuwa wapi.

Vifaranga walitoka wanane.
Yai moja lilibaki, baridi, halina alama,
na bibi alipotaka kulitupa
nilimwomba anipe nilishike kidogo.
Nikalitikisa sikioni.
Nikaona bora nisilivunje.