Watu Mia na Arobaini

Ilianza kwa mlio.
Tk. Tk. Kimya. Halafu tk,
kama mjusi wa darini anayeitikia maneno ya chini.
Bi Mwanatumu akalipiga kasha makofi mawili,
akazima, akawasha, akasoma bismillahi.
Kioo kikabaki cheusi, na mstari mmoja mweupe
wa lugha isiyokuwa yake.

Akaifunga kompyuta kwa kanga, akaibeba kichwani
kutoka Makorora hadi barabara ya kumi na mbili,
akaitua juu ya meza yangu, jasho likimtona kidevuni.
"Semhando, humu mna watu mia na arobaini.
Chama kizima cha kuzikana.
Waliokufa sijawatoa."

Nikalilaza kasha ubavu.
Skrubu za nyuma nne, ya tatu imeliwa na kutu,
chumvi ya Tanga haina adabu, inaingia hata kusikokuwa na mlango.
Tone la mafuta ya cherehani, nikangoja.
Ndani: vumbi, mbawa za kumbikumbi,
shilingi hamsini iliyopotea zamani.
Nikapangusa feni kwa brashi ya katani
aliyoisokota baba mwaka walipompunguza shambani.

Waya wa umeme, mpana. Waya wa habari, mwembamba, mwekundu.
Nikaichomoa diski,
nikaitikisa sikioni kama mtu anayechagua nazi.
Kitu kikakimbia ndani.
Nikajua.

"Nakala ipo? Fleshi? Daftari?"
"Daftari nilifungia vitumbua.
Mwanangu alisema karatasi ni ushamba."
Nikamwambia wapo mafundi Dar wa kuifungua,
bei yao ni sanda za watu kumi.
Akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza.
"Weka mpya."

Mpya haizunguki. Haina sahani wala sindano,
nyepesi kama biskuti ya chai,
haitatoa sauti hata siku ya kufa.
Nikaikaza kwa skrubu mbili
(mbili nyingine ziliingia chini ya kabati, na huko ziko hadi leo).
Usiku nikaikalia matanga:
asilimia saba, thelathini, sitini na moja,
umeme ukakatika.
Nikaanza na moja.

Asubuhi kioo kikawaka, kitupu,
kama Mkwakwani siku isiyo na mechi.
Bi Mwanatumu akavuta kigoda, akafumba macho,
akaanza kunitajia, nyumba kwa nyumba,
si kwa alfabeti, kwa mitaa na misiba:
"Kwa Mbega, watano. Andika.
Kwa Mama Rukia wa kachori, wawili na mjukuu.
Yule aliyetuletea turubai lenye matundu, mvua ikatunyea, andika."
Sitini na tatu, akakwama.
Jirani wa cherehani akadakia wa sitini na nne.
Muuza maji naye akatua madumu, akaongeza watatu.

Mchana akaingia Mzee Kupaza, kofia mkononi.
"Nasikia mashine imesahau."
"Imesahau, mzee."
"Andika basi. Kupaza. Miezi kumi na tisa sijatoa.
Elfu tano kwa mwezi, ni elfu tisini na tano."
Bi Mwanatumu akafumbua macho:
"Nani angejua?"
"Mimi ninalala nalo. Sitaki kuzikwa
kwa sababu kompyuta ilikuwa mbovu."
Akatoa elfu ishirini, zimekunjwa hadi zimelainika.
Kidole changu kikachelewa kidogo kwenye kitufe.

Tulifika mia na thelathini na nane.
Wawili hatukuwapata,
na kila Ijumaa huja na jina, hulionja, hulitema: "Siye."

Sasa ipo nakala kwenye fleshi, lipo na daftari,
gumu, la jalada jeusi, vitumbua havijaligusa.
Ile diski ya zamani hakukubali niitupe.
Inakaa mezani kwake, juu ya risiti,
feni isizipeperushe.
Mtoto akiinyanyua hushangaa:
nzito hivi, kumbe.